Unaanza kusoma vitabu vya vita vya zama za kati? Fuata hela kwanza, mapanga baadaye

Ndugu zangu mnaoanza kusoma hivi vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa msomaji wa kawaida, vile vya deraya (mavazi ya chuma ya vitani), ngome na wapiga upinde wa Ulaya, mimi nimevisoma kwa miaka sasa na nawaona wengi wanaingia kwa moto, wanamaliza vitabu viwili vitatu, kichwa kinajaa majina ya mapigano na tarehe, halafu ukiwauliza hao askari walikuwa wanalipwa na nani au walikuwa wanakula nini, kimya. Ndo maana naandika hapa.

Kwanza usianze na kitabu kinachotaka kukueleza zama za kati zote. Hiyo ni miaka 1000 hivi, karne ya 5 mpaka ya 15, utatoka na ukungu tu. Chukua vita vimoja ukae navyo. Anayeniuliza namwambia aanze na Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, 1337 hadi 1453, na sababu yangu kubwa ni kwamba karatasi zake zimebaki. Makarani wa mfalme wa Uingereza waliandika mikataba ya askari, majina, malipo, na nyingi bado zimetunzwa kwenye nyaraka za taifa London mpaka leo. Humo ndo tunajua kwamba kwenye jeshi la Henry wa Tano mwaka 1415 mpiga upinde alilipwa pensi 6 kwa siku na mpiganaji wa deraya shilingi 1, yaani pensi 12, mara mbili yake. Ukishajua hivyo tu hilo jeshi linaacha kuwa picha ya sinema, unaona ni kundi la watu walioajiriwa kwa mkataba na mfalme anayetafuta hela ya kuwalipa.

Kuna njia rahisi ya kupima kitabu kabla hujakipa muda wako. Tafuta kurasa za pigano la Agincourt, 25 Oktoba 1415, uangalie mwandishi anasema nini kuhusu idadi. Akikwambia Wafaransa walikuwa laki moja na hasemi hiyo namba kaitoa wapi, kaa nacho chonjo. Watu wa wakati ule walipandisha namba kusifia ushindi au kulilia kipigo, na wanahistoria wa leo wenyewe bado wanabishana, wapo wanaosema Wafaransa walikuwa kama 12,000 dhidi ya Waingereza karibu 9,000, na wapo wanaopandisha Wafaransa zaidi ya 20,000. Mwandishi anayekuheshimu atakuonyesha huo ubishi, aseme yeye kasimama upande gani na kwa nini.

Halafu uliza nani aliandika. Utakutana sana na jina la Jean Froissart, mwandishi wa zama hizo aliyeandika habari za vita hivi, anasimulia vizuri mno, ila alizaliwa miaka ya 1330 mwishoni, kwa hiyo pigano la Crécy la 1346 lilitokea akiwa mtoto, na habari zake nyingi za mwanzo alizichukua kwa Jean le Bel aliyemtangulia. Na alikuwa anaandikia mabwana wakubwa. Msome, ila usisahau anakula meza ya nani. Hata kwetu pwani ni hivyohivyo, Kilwa ya 1331 tunaijua kwa sehemu kubwa kupitia msafiri Ibn Battuta aliyekuwa mgeni wa sultani, anamsifia kwa ukarimu na anataja kwamba alikuwa akienda bara kuvamia na kuchukua ngawira, ila hao waliovamiwa hatuna neno lao hata moja.

Sasa hapa nitakaa kidogo maana ndipo vitabu vingi vinapowapoteza wanaoanza. Mapigano makubwa ya uwanjani yalikuwa machache. Jemadari mwenye akili aliyakwepa akiweza, siku moja mbaya inaweza ikamalizia ufalme. Vita vyenyewe, siku hadi siku, vilikuwa kuzingira miji na kuchoma vijiji. Huyohuyo Henry kabla ya Agincourt alikaa wiki kadhaa nje ya bandari ya Harfleur, mji ukasalimu amri 22 Septemba, na muda huo wote ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa unamtafunia jeshi, wengine wakafa wengine wakarudishwa kwao hoi. Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza baada ya ushindi wa Crécy alienda kukaa nje ya Calais miezi 11. Mwaka 1355 mwanae, yule anayejulikana kama Black Prince, alitoka Bordeaux akaenda mpaka Narbonne upande wa bahari ya Mediterania akarudi, kama miezi miwili, hamna pigano kubwa hata moja, kazi ilikuwa kuchoma nyumba, maghala, vinu, na kupora kila kinachobebeka. Hesabu yake ilikuwa ya wazi kabisa: kijiji kilichoungua hakilipi kodi, na mfalme wa Ufaransa anaonekana hawezi kulinda watu wake. Kama kitabu kinaupitia msafara huo kwa sentensi mbili halafu kinaupa upinde kurasa arobaini, wewe ujue watu wengi walioumia kwenye hivyo vita hawamo humo ndani.

Mfano mwingine wa nyuma kidogo ni ngome ya Château Gaillard kule Normandy, ilipozingirwa na Wafaransa majira ya baridi ya 1203 kuingia 1204. Wanakijiji walikimbilia ndani, chakula kikaanza kuisha, kamanda wa ngome akawatoa nje wasiopigana, wa kwanza wakaruhusiwa kupita ila waliofuata wakazuiwa na jeshi la Wafaransa, wakabaki katikati, nyuma ukuta mbele adui, kwenye baridi, bila chakula. Wengi walikufa hapo mpaka mfalme Philip alipofika akaamuru waachiwe. Kitabu kinachowapa hao watu aya yao, kinunue hata kama ni mtumba usio na jalada.

Kuhusu silaha sitasema mengi, hizo mtazipenda wenyewe bila kusukumwa. Deraya kamili ilikuwa kilo 20 mpaka 25 hivi na uzito umegawanywa mwili mzima, kwa hiyo ukisoma kwamba mpiganaji alipandishwa juu ya farasi kwa winchi, hiyo ni hadithi tu. Mwandishi akigusa mifupa na vitu vilivyofukuliwa ni dalili nzuri, mfano kaburi la Towton kule Uingereza lililopatikana 1996, la watu waliouawa 1461, mafuvu yana majeraha mengi, mtu mmoja kapigwa tena na tena, hapo ndo unaona unyama wenyewe ulivyokuwa.

Na ukisoma kuhusu mateka usipite haraka. Mateka mwenye jina alikuwa mali. Mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa alikamatwa na Waingereza kwenye pigano la Poitiers 1356, na mwaka 1360 fidia yake ikakubaliwa vipande milioni 3 vya dhahabu, wakapiga hadi sarafu mpya, faranga, ambayo jina lake bado linatumika Burundi na Rwanda. Hela ya kulipia ilitoka wapi? Kodi ya chumvi, kodi ya mvinyo, kodi ya bidhaa. Na kabla hata ya hapo, Mei 1358, mfalme akiwa bado kifungoni na vijiji vinaporwa na askari wasio na kazi, wakulima wa kaskazini ya Paris waliinuka dhidi ya mabwana zao, wiki chache tu wakazimwa na kisasi kilichofuata kilikuwa kibaya sana. Waandishi wa mabwana wanawaita wanyama, lakini zipo barua za msamaha za mfalme zilizotolewa baadaye, zinataja watu kwa majina na vijiji vyao, na mwandishi aliyezitumia utamjua tu, simulizi lake lina watu.

Jambo dogo ila litakuokoa: kuwa na daftari. Kina Edward, Charles na Philip ni wengi mno, chora ukoo wao, weka ramani pembeni, na andika ukurasa wa kwanza kwamba pauni 1 ni shilingi 20 na shilingi ni pensi 12.

Ukimaliza Agincourt usirukie pigano lingine, rudi nyuma kwenye tauni iliyofika Uingereza 1348. Wafanyakazi wakaadimika, wakadai ujira wa juu, bunge likaweka sheria 1351 kuuzuia usipande, vita vikaendelea kula hela, na 1380 ikapitishwa kodi ya kichwa ya shilingi 1 kwa kila aliyezidi miaka 15, yaani malipo ya siku mbili ya mpiga upinde yule wa pensi 6. Juni 1381 watu wa Kent na Essex wakaasi, wakaingia London.