Maswali na Majibu: Kuziba Vipara vya Nyasi kwa Ukoka

Uwanja wa nyumba yangu hapa Kigamboni umeota ukoka, lakini umebakiwa na vipara kadhaa, kimoja kikiwa mahali tulipokuwa tukiegesha gari. Je, ninunue mbegu au nichukue ukoka wa palepale?

Chukua wa palepale. Ukoka, ambao madukani huuzwa kwa jina la nyasi za Bermuda, hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, na kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu kinaweza kutoa mizizi na chipukizi. Kwa kutumia ukoka wako mwenyewe hulipi chochote, na rangi pamoja na upana wa majani vitalingana na sehemu nyingine. Mbegu ya dukani mara nyingi ni ya aina tofauti, nayo huacha mabaka ya kijani yasiyofanana. Wenye nyasi chotara za viwanja vya gofu, kama Tifway iliyotolewa mjini Tifton, Georgia, mwaka 1960, hawana hata hiari hiyo, kwa sababu chotara hao wa ukoka wa kawaida na jamaa yake wa Afrika Kusini hawazai mbegu zinazoota.

Kabla ya kupanda, ondoa kilichosababisha kipara. Pale gari lilipokuwa likiegeshwa udongo umeshindiliwa, na chochote utakachopanda juu yake kitadumaa; chimbua kwa jembe la uma hadi sentimita 15, changanya mboji iliyooza vizuri, kisha sawazisha kwa reki. Kata vitawi vyenye vifundo viwili au vitatu, vilaze kwenye vifereji vya kina cha sentimita 5 hivi vilivyoachana kwa sentimita 15, fukia theluthi mbili ya kila kitawi huku ncha ikibaki nje, kisha kanyaga taratibu ili udongo uvishike. Vitawi vipandwe siku ileile vilipokatwa, kwani jua la pwani huvikausha upesi mno. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo, kisha punguza idadi ya siku lakini uzidishe kiasi cha maji. Ukianza mvua za masika zinapoanza, kazi kubwa ya kumwagilia utakuwa umeiachia mbingu.

Nipo Dodoma. Nilinunua mbegu, nikazifukia vizuri na kumwagilia kila jioni, lakini zimeota chache sana.

Huko kuzifukia vizuri ndiko kulikoziponza. Mbegu ya ukoka ni ndogo mno, na ikizama zaidi ya nusu sentimita chipukizi lake huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Zichanganye na mchanga mkavu ili zitawanyike sawasawa, kwa kiasi cha gramu 5 hadi 10 kwa kila mita moja ya mraba, pitisha reki kijuujuu tu, kisha kandamiza kwa ubao. Kosa la pili ni maji ya mara moja kwa siku: kwa jua na upepo wa Dodoma, tabaka la juu la udongo hukauka kabla ya adhuhuri. Nyunyizia kidogo kidogo, hata mara tatu kwa siku, na utandaze majani makavu kwa wepesi. Katika udongo wenye joto tegemea kuona chipukizi kati ya siku 7 na 21.

Nimeshapanda ukoka mara mbili chini ya mwembe hapa Tanga, na mara zote umekonda na kufa. Nimekosea nini?

Hukukosea katika kupanda, bali katika kuchagua mahali. Ukoka unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa zisizopungua 6 kila siku, na hakuna mbolea inayoweza kufidia upungufu huo. Kwa kweli mbolea nyingi kivulini huudhoofisha zaidi. Unaweza kupogoa matawi ya chini ili mwanga upenye, au kupanda nyasi za Pemba, zenye majani mapana, ambazo huvumilia kivuli kuliko ukoka. Ningekuwa mimi, ningeweka changarawe na benchi. Kivuli cha mwembe ni mahali pa kukaa watu.

Kisima changu hapa Mombasa kina maji ya chumvi kidogo. Yatafaa?

Ukoka uliokomaa huvumilia chumvi vizuri, lakini vitawi vichanga havina uvumilivu huo. Tumia maji yasiyo na chumvi au ya mvua mpaka vishike mizizi.

Niko Nairobi na nyasi zangu ni za Kikuyu. Naweza kuziba vipara kwa ukoka mwezi wa Julai?

Sikushauri. Baridi ya Julai hudumaza ukoka, na nyasi za Kikuyu zina nguvu ya kuufunika tena baadaye. Ziba kwa vipandikizi vya nyasi hizohizo, na usubiri mvua.

Nianze lini kukata na kutia mbolea?

Kata kwa mara ya kwanza nyasi zinapofikia sentimita 5 au 6, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo mmoja. Kukata mapema huufanya ukoka utambae badala ya kurefuka, na kutambaa ndiko kunakoziba kipara. Urea subiri wiki nne, kisha tia gramu 10 kwa mita ya mraba, yaani takriban kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa. Itie majani yakiwa makavu na umwagilie papo hapo, la sivyo itayaunguza.

Kipara kimejaa, lakini sasa ukoka umeingia kwenye tuta langu la mchicha.

Hilo ni la kutarajiwa, kwani sifa inayoufanya ukoka uzibe vipara ndiyo inayoufanya uwe adui wa mkulima. Chimba mfereji wa sentimita 20 kati ya nyasi na tuta, simamisha ndani yake vipande vya bati au matofali, na upunguze ukingo kila baada ya wiki mbili. Vitawi unavyong'oa usivitupe kwenye shimo la mboji; vianike juu ya sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa.