Ekstrakta inakula maganda? Lisome ganda kwanza kabla hujashika tupa

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa bunduki, hasa nyie mlioko huku Marekani mliopata nafasi kwenye maduka yenye leseni, kuna kazi itakufikia mezani mapema sana: mteja anakuja na raifo ya bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) na kimfuko cha maganda matupu ya risasi, anakwambia hii ekstrakta, yaani ndoano ndogo ya bolti inayovuta ganda kutoka kwenye mtutu, inaniharibia brasi, yaani maganda. Huku watu wengi wanajaza upya maganda yaliyotumika wenyewe, ganda moja mtu anataka alitumie tena na tena, kwa hiyo rimu (ukingo wa kitako cha ganda) ikishaliwa hiyo ni hela yake inapotea na ana haki ya kulalamika. Sasa wengi wenu mkono unakimbilia tupa. Tulia kwanza. Ekstrakta ni chuma kigumu cha springi, ukishakipunguza hakirudi, na mara nyingi sana sio yenyewe yenye kosa.

Kabla ya yote toa risasi zote kwenye magazini na kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), angalia kwa macho alafu uhakikishe na kwa kidole, na risasi zote hai zitoke kabisa hapo unapofanyia kazi. Kazi yote ya mezani inafanywa na risasi bandia zisizo na baruti wala praima (kiwashio cha baruti). Vaa miwani, springi ya ejekta (kile kinachotupa ganda nje) ikichomoka inakuja usoni moja kwa moja.

Alafu chukua yale maganda, taa nzuri na lensi, kaa nayo bila haraka. Mkwaruzo mrefu ubavuni mwa ganda hausababishwi na ekstrakta, hiyo tafuta kwenye midomo ya magazini au ukingo wa chemba. Mdomo wa ganda uliobonyea upande mmoja, hapo mshukiwa ni ejekta, hasa zile za pini na springi zilizo usoni mwa bolti kama kwenye Remington 700, maana inasukuma ganda upande muda wote bolti inaporudi nyuma na ganda likitoka tu linajigonga kwenye ukuta wa raifo pale linapotokea au kwenye kishikio cha darubini. Ukiona kwenye kitako cha ganda alama inayong'aa yenye umbo la tundu la ejekta, na mteja anasema bolti inanyanyuka kwa shida, acha kila kitu, hiyo ni presha imezidi mpaka brasi imetiririka kuingia kwenye tundu. Ganda limebana chemba, bolti inavutwa kwa nguvu, ekstrakta inachana rimu kwa sababu imelazimishwa. Hapo mwambie mteja apunguze baruti, na chemba isuguliwe vizuri iangaliwe kama ina kutu au ukwaruzo. Ukiinoa ekstrakta hapo umeficha ugonjwa ambao unaweza kumuumiza mtu.

Kosa la ekstrakta yenyewe linakaa kwenye rimu na ule mfereji ulio mbele ya rimu, basi. Kuna raifo moja ya .308 (ndo saizi ya risasi yake) ya kuwindia ilikuja dukani, kila ganda lilikuwa na kinyweleo cha brasi kimejikunja pembeni ya rimu, ukipitisha ukucha kinanasa, na usoni mwa bolti kulikuwa na unga wa njano. Tukapaka rimu ya risasi bandia kwa maka peni nyeusi, tukafunga na kufungua bolti taratibu, wino ukafutika sehemu moja nyembamba, pale inapogusa kona ya ndoano. Kona tu, ndoano nyingine yote ilikuwa safi kabisa. Jifunzeni hiyo ya maka peni, ni ya bei rahisi na inakuonyesha chuma kinapogusa badala ya kukisia.

Na ujue uko na bolti ya aina gani. Kwenye Mauser ya 1898 na ndugu zake ekstrakta ni ule ukucha mrefu wa nje, bolti inazunguka lakini wenyewe hauzunguki, rimu inapanda kutoka magazini inateleza chini ya ukucha. Ndo maana kwenye hizi usidondoshe risasi moja kwenye chemba alafu ufunge bolti juu yake, ukucha unalazimika kuruka rimu na unaweza kumeguka, na ukishameguka makali yake ndo yanaanza kunyoa brasi. Kwenye bolti nyingi za kisasa za kusukuma, yaani zinazoisukuma risasi mpaka chemba bila kuishika rimu kwanza, ndoano ni ndogo, inaruka rimu kila ukifunga na inazunguka na bolti huku ganda limetulia, kwa hiyo mkwaruzo wake unakuwa wa mviringo kufuata mfereji. Ukiona mstari wa mviringo umeshajua pa kwenda.

Matengenezo yenyewe ni madogo. Safisha kwanza nyuma ya ekstrakta, vumbi la brasi likijazana pale springi haikai sawa na ndoano inabana vibaya, na kuna siku kazi inaishia hapo hapo. Kama ni kona kali, jiwe laini la kunolea lenye mafuta, au msasa namba 600 ulioviringishwa kwenye kijiti, unavunja yale makali tu, mipito michache unarudi kwenye lensi. Ule uso wa ndoano unaovuta rimu usibadilishe mlalo wake hata kidogo, huo ndo unaolishika ganda. Mashine ya kusaga ya umeme weka mbali, joto linaua ugumu wa chuma. Kama ndoano imemeguka usiibembeleze, agiza mpya, na hata mpya ikague kwa maka peni maana nyingine zinakuja na vijino vya kiwandani.

Ukimaliza lisha risasi bandia magazini nzima, polepole alafu kwa kasi, uone zinashikwa na kutupwa nje vizuri. Baada ya hapo ndo uwanjani, kwa risasi za kiwandani kwanza sio alizojaza mteja, na yale maganda yarudi mezani chini ya lensi, rimu moja moja. Kama rimu ni safi kwa risasi za kiwandani na zake bado zinachanika, mrudishie raifo yake muongee habari ya baruti.