Neno la Kiebrania אֵיד: msiba ni wa nani?

Neno אֵיד, linalosomwa "ed" na maana yake msiba, limo mara 24 tu katika Agano la Kale, kwa hiyo nashauri uyapitie yote kabla ya kulihubiri au kulifundisha.

Anza na tahajia. Ed ya msiba huandikwa kwa herufi alef, yod, dalet. Ikikosa yod (אֵד) ni ukungu wa Mwanzo 2:6. Ikianza na ayin (עֵד) ni shahidi. Kwa herufi za Kilatini yote matatu huwa "ed", ndiyo maana wengi hunukuu aya zisizohusika. Tafuta kwa namba za Strong, yaani namba ambazo kamusi ya Strong hulipa kila neno la Biblia: 343 ni msiba, 108 ukungu, 5707 shahidi. Idi ya Kiarabu nayo huanza na ayin, haina undugu na neno hili.

Ni nomino ya kiume, na wingi wake haumo kabisa katika Biblia. Irabu yake ni imara: dabar (neno) likipata kiambishi huwa debari, irabu ya kwanza ikafifia, lakini ed hubaki vilevile: edi (msiba wangu), edo (wake), edam (wao).

Hapo kwenye "wa" ndipo penye kazi. Kwa kawaida mwenye msiba ni anayeupata: ed Moab katika Yeremia 48:16 ni msiba unaompata Moabu. Lakini Ayubu 31:23 ina ed El (msiba wa Mungu), na huko Mungu hapatwi na msiba, bali ndiye anayeuleta. Muundo ni uleule. Muktadha ndio unaoamua. Ukishika kanuni moja tu, aya ya Ayubu itakupotosha vibaya.

Mara 10 neno hili hufuata yom, siku. Zaburi 18 ni mojawapo; katika Kiebrania ni aya ya 19, si 18, kwa sababu kichwa cha zaburi huhesabiwa kama aya.

Obadia 13 isome kwa sauti. "Siku ya msiba" inarudiwa mara tatu: beyom edam, beyom edo, beyom edo. Usisahihishe kuhama huko kutoka "wao" kwenda "wake". Watu wa Yuda wanatajwa kwanza kama wengi, kisha kama mtu mmoja. Na hiyo edam, sikio la Kiebrania haliwezi kuikosa, inagongana na Edom, taifa lenyewe linaloshitakiwa kwa kuutazama msiba huo na kufurahi.