Usiandike India, chukua Indonesia

Mdogo wangu, umeuliza uchague koloni gani la Asia kwa insha ya utaifa, maana darasa zima linaandika India. Chukua Indonesia chini ya Waholanzi. Anza na shule: wakoloni walisomesha vijana wachache wapate makarani na madaktari wa bei nafuu, na wanafunzi wa udaktari pale Batavia (Jakarta ya leo) ndio walioanzisha chama cha Budi Utomo mwaka 1908. Sarekat Islam, chama cha Waislamu chenye chimbuko kwa wafanyabiashara wa batiki, ipitie haraka. Kaa zaidi kwenye kiapo cha vijana cha Oktoba 1928: walichagua Kimalei, lugha ya sokoni na bandarini, kiwe lugha ya umoja wa taifa, wakakiacha Kijava chenye wasemaji wengi zaidi. Utamu uko hapo. Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia, mtaje, ila asikumezee insha.