Barua kwa mwanangu: kumchinja kuku bila kumtesa

Kisesa, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako; sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeupata. Unasema majogoo uliowafuga hapo Buhongwa sasa wamekua, wanapigana na kuwasumbua mitetea, na kwamba umewalisha tangu wakiwa vifaranga, kwa hiyo unaogopa kuwatesa kwa mkono usio na ujuzi. Ukaniuliza kama si afadhali uwapeleke sokoni wakachinjwe na mwingine.

Jibu langu ni kwamba ujifunze mwenyewe. Mateso mengi ya kuku hutokea kabla kisu hakijamgusa: kukimbizwa, kufungwa miguu, kuning'inizwa kwenye baiskeli juani na kurundikwa kwenye tenga pamoja na kuku asiowajua. Jogoo anayechinjwa pale pale alipolelewa huepushwa na hayo yote, na wewe uliyemlea ndiye unayeweza kumtuliza.

Anza jioni ya siku iliyotangulia. Mtenge jogoo unayemtaka, umnyime chakula kwa saa nane hadi kumi na mbili ili gole, yaani kifuko cha chakula shingoni, na utumbo viwe vitupu, ila maji mwachie anywe. Mchukue kabla hakujapambazuka, angali amelala, kwa sababu gizani kuku hatapatapi; mbane mabawa kwa mikono miwili na kumkumbatia kifuani. Ukimwona amezubaa, anaharisha kijani au amepinda shingo, usimchinje kwa ajili ya kula, kwani huenda ana kideri. Mwite afisa mifugo wa kata. Na kama alipewa dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Kisu ndicho kitu nitakachokusisitizia kuliko vyote. Kiwe kirefu kidogo, na kinolewe mpaka kikate karatasi iliyoshikwa hewani bila kuichana. Usikinoe mbele ya kuku. Jirani zetu Waislamu wamefundishwa na dini yao kukinoa kisu na kumpunguzia mnyama maumivu, na mimi naona ni fundisho ambalo kila mchinjaji alishike. Kama siku hiyo utakuwa na wageni Waislamu, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie, ili wote wale kwa amani.

Tafuta dumu la plastiki la lita kumi, ukate kitako chake chote, na upande wa mdomo upanue tundu liwe la kutosha kichwa na shingo tu. Lifunge imara kwenye mti, mdomo ukiangalia chini, kisha umtumbukize jogoo akitanguliza kichwa. Mabawa yatabanwa, hatajiumiza, na baada ya muda mfupi utamwona ametulia. Shika kichwa kwa mkono wa kushoto, nyoosha shingo taratibu bila kuivuta kwa nguvu, tenga manyoya chini kidogo ya taya, kisha pitisha kisu mara moja kwa urefu wake, ukikata koo pamoja na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili bila kufikia mfupa. Ukikata upande mmoja tu, fahamu huchelewa kumtoka, na huko ndiko kumtesa.

Atapiga miguu na mabawa hata baada ya fahamu kumtoka, nawe usishtuke, kwa kuwa ni misuli tu inayocheza. Mwache damu itoke kwa dakika mbili au zaidi, kisha mguse mboni ya jicho kwa ncha ya kidole. Kope likicheza, bado yu hai, subiri. Usimtie kwenye maji ya moto kabla hujahakikisha hilo, hata kama wageni wameshakaa mezani.

Maji ya kunyonyolea yawe ya nyuzi 60 hadi 65, kwa maana yanayochemka huipika ngozi ikachanika. Changanya sufuria moja ya maji yanayochemka na maji ya bomba yanayopungua kidogo sufuria kama hiyo. Mzamishe kwa karibu dakika moja, ukimgeuzageuza, mpaka manyoya makubwa ya bawa yang'oke bila kung'ang'ania. Ukishamnyonyoa, kata miguu, toa tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, legeza gole shingoni, kisha mpasue chini ya kidari kwa mkato mfupi, ukiangalia usitoboe utumbo. Ingiza mkono uvute vyote kwa pamoja. Nyongo imeshikamana na ini. Ikate pamoja na kipande kidogo cha ini, kwa sababu ikipasuka nyama yote itakuwa chungu. Firigisi ipasue, toa mchanga, na umenye ngozi ya ndani. Hapa kwetu hutengewa baba, lakini kwako wewe ndiwe mwenye nyumba, hivyo ni yako. Manyoya na utumbo fukia ardhini. Usitupe mtaroni, maana mitaro ya jiji huishia ziwani.

Nyama ya jogoo wa kienyeji usiiharakishe. Ukiwa na friji, iache humo mpaka kesho yake, ukakamavu uishe. Sisi tulioko kando ya ziwa hili tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo vitu vigumu huchelewa kuiva. Mchemshe kwa moto mdogo na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, ukijaribu paja kwa uma, na nyanya uzitie akishalainika.

Mdogo wako atakuletea kinoo changu Jumamosi. Kiloweke majini kwanza, unoe kwa upande wenye chenga, halafu umalizie kwa upande laini.

Ni mimi baba yako.