Kabla hujanoa kisu

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Unasema kuku wako tisa wameshuka kutoka mayai sita kwa siku hadi mawili, chakula nacho kimepanda bei, basi unauliza Jumapili wifi zako wakija umchinje yupi. Na naona jicho lako limeshamwangukia yule mwekundu, eti kachakaa, shingo wazi, mkia umebaki kijiti.

Nitakujibu. Ila kwanza uniambie: umeingia bandani usiku? Sikuulizi kama umewafungia mlango. Nauliza kama umeingia na tochi ukainua ile fito wanayolalia, ukatazama upande wake wa chini.

Banda hukaguliwa usiku. Umechoka kunisikia nikilisema hilo, na nitalisema tena kabla barua haijaisha. Utitiri mwekundu mchana haukai mwilini mwa kuku. Unajibanza kwenye nyufa za mbao, pale fito inapoegemea ukuta, na chini ya viota. Giza likiingia ndipo unapanda kunyonya damu. Ukimpekua kuku saa sita mchana utaapa hana hata mdudu mmoja. Nenda saa tatu usiku, chukua kitambaa cheupe ukipitishe chini ya fito kwa kukandamiza. Kikitoka na michirizi ya damu, mayai yako manne umejua yanakokwenda. Na kama siku hizi jioni wanasitasita mlangoni, au wanataka kulala juu ya mti, au upanga wa kichwani umepauka, usingoje hata hicho kitambaa.

Dawa yake ni kazi. Toa fito zote nje, mwagia nyufa maji yanayochemka, zikikauka ndipo upake dawa ya utitiri ya duka la mifugo. Baada ya siku saba urudie, hata kama huoni kitu. Kwa joto la Dodoma, yai la utitiri linakuwa mdudu mzima ndani ya wiki moja hivi, na lile lililosalimika kwenye ufa ndilo litakalokurudisha ulikotoka. Watu hupaka mara moja, kisha wakasema dawa ni feki.

Maji nayo. Kuku anayetaga hunywa kama robo lita kwa siku, na jua likiwa kali anaweza kunywa mara mbili ya hapo. Kwa tisa, weka lita tano na uziweke kivulini, maana maji yaliyochemkia juani kuku huyaonja akayaacha. Akishinda na kiu siku moja, kutaga kunaweza kusimama siku kadhaa. Chakula ni gramu 120 kwa kila mmoja, yaani kilo moja na kidogo kwa wote. Nataka kuamini hujawahamishia pumba tupu kwa sababu ya bei. Pumba hujaza tumbo, haijazi kiota. Ukitaka kupunguza gharama, changanya pumba na mashudu ya alizeti na dagaa, na chokaa ya mifugo usiisahau, la sivyo mayai yatatoka na ganda laini, yapasuke kiotani, na kuku wajifunze kuyala.

Haya, huyo mwekundu. Ulisema ulinunua vifaranga mwaka mmoja na nusu uliopita. Huo ndio umri wa kupukutisha manyoya, na kuku anayepukutisha huacha kutaga, wiki nane, pengine hata kumi na mbili. Mshike umpulizie manyoya ya shingo yafunguke. Ukiona vijiti vipya vinachomoza kama sindano, anabadilisha nguo tu. Ukiona ngozi nyekundu isiyo na vijiti, basi wenzake wanamdonoa au utitiri unamla, na kosa ni la banda. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtagaji hodari hupukutisha manyoya mengi kwa pamoja na kurudi kazini upesi. Mvivu hupukutisha unyoya mmojammoja, kwa hiyo siku zote anaonekana nadhifu.

Ndiyo maana sikupendi unapochagua kwa macho. Yule wa kijivu pia tulimchagua kwa macho. Nilikuwa nimeapa nisimtaje tena, lakini basi. Shangazi yako anakuja, kuku hana manyoya ya kifuani, kila mtu akasema huyo kazeeka. Kumpasua, yai limo ndani na ganda lake kamili, la kutagwa asubuhi ile ile, na nyuma yake viini vimepangana kama tasbihi, cha kwanza kama ndimu, cha mwisho kama punje ya pilipili manga. Ulivihesabu vile vikubwa ukafika sita, ukaniuliza kama tukivirudisha vitatotolewa. Shangazi yako alikula akasifia. Mimi nilikula mchuzi tu. Na yule mweupe tuliyemwacha kwa uzuri wake, wiki ya pili baba yako akamkuta kiotani na ute wa njano mdomoni. Hakuwa akitaga, tena alikuwa akila ya wenzake.

Baba yako ananiambia hapa nisikutie woga, kuku ni kuku. Ni kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha usifuge kuku wa kutazama, na asiyetaga anakula kilo tatu na nusu kwa mwezi bila kurudisha kitu. Kwa hiyo sisemi usichinje. Nasema ushike kwanza.

Kushika kwenyewe ni hivi, na ni usiku, wakiwa wametulia kwenye fito. Tafuta ile mifupa miwili myembamba iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, huyo anataga. Kimoja kikipita kwa shida, hatagi. Tundu la mtagaji ni pana, lina unyevu, limepauka. La asiyetaga ni dogo, kavu, lina unjano. Kwa wale wenye miguu ya njano, rangi hiyo huhamia kwenye kiini cha yai. Inaanza kufifia pale tunduni, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomoni, miguuni mwisho. Akiacha kutaga, rangi hurudi kwa mpangilio ule ule. Miguu iliyopauka ni ya mfanyakazi, mama. Weka alama ya uzi mguuni kwa kila uliyemshika, asubuhi usichanganye.

Na usije ukachinja leo, kesho ukakimbilia mnadani Msalato kuziba pengo. Mgeni hukaa peke yake wiki mbili, na awe amepata tone lake la jicho la chanjo ya mdondo, kama wako wanavyolipata kila miezi mitatu. Wanalipata, sivyo?

Sasa unataka jina. Siwezi kumhukumu kuku nisiyemshika, niko Muheza na wewe uko Dodoma. Lakini kwenye ile picha uliyotuma, nyuma ya karai, kuna mmoja wa madoadoa, manyoya yamelala vizuri, miguu ya njano kama ndizi mbivu. Sijasema kitu. Pengine ni mwanga wa simu. Baba yako naye alimwona, akacheka.

Hata hivyo, ukipata utitiri usiku wa leo ukapaka dawa, au kama uliwapa dawa ya minyoo wiki hii, soma kibandiko uone ni siku ngapi nyama na mayai visiliwe. Zikipita Jumapili, wapikie wifi zako maharage ya nazi.

Mama yako