Jiko la kambi: mambo ya kujua kabla hujalipa na kabla hujaliwasha

Wadogo zetu mnaoanza kupiga kambi, makosa yenu tunayajua kabla hamjayafanya. Kila msimu yupo anayepanda mlima na jiko la vichomeo viwili mgongoni, akihema. Yupo aliyekuja na gari lenye nafasi tele, anawapikia watu sita kwa kichomeo kinachoenea kiganjani, na sufuria inayumba kila akikoroga. Yupo pia wa tatu, ambaye ndiye hasa aliyesababisha andiko hili: amelizungushia jiko la gesi karatasi ya aluminiamu kutoka juu mpaka ardhini, halafu anatabasamu kwa kuwa moto umeongezeka. Huyu tutamshughulikia kwenye namba 4, na hatutamwachia haraka.

1. Anza na sufuria. Kuuliza "jiko gani ni zuri?" bila kusema unapika nini, kwa watu wangapi na nani atalibeba, ni kutuchosha bure. Kama kazi ni kuchemsha maji ya kumimina kwenye chakula kikavu, na mko mmoja au wawili, kichomeo cha kufungwa juu ya kopo la gesi kinatosha. Vingi vina uzito wa gramu 25 hadi 100, na sufuria ya lita moja hukaa bila wasiwasi. Mkiwa watatu, au kama mnapika vitu vya kukoroga, chukua jiko la mpira: kichomeo kinakaa chini kwa miguu mipana, kopo linakaa pembeni, na gesi inapita kwenye bomba la mpira kati yao. Utaongeza gramu mia moja hivi na hutamwaga chakula. Ile mitambo ambayo jiko na chungu vinashikana, chungu kikiwa na mapezi (vijibamba vyembamba vya metali vya kunasa joto) chini yake, huchemsha nusu lita kwa dakika mbili na ushee na hula gesi kidogo. Ila moto mdogo mingi haiwezi, na mchuzi mzito utashika chini kabla hujageuka.

Kwa safari ya gari, sahau mambo ya gramu. Vichomeo viwili, kuta tatu za kukinga upepo, kilowati kama 3 kwa kila kichomeo. Hapo nendeni dukani na sufuria zenu mbili mnazotumia kweli, mziweke juu ya jiko kwa pamoja. Hatujui kwa nini watu huona aibu kufanya hivi, kwa sababu majiko mengi ya vichomeo viwili hayapokei sufuria mbili kubwa: moja inakaa, ya pili inaning'inia pembeni. Kisha zungusha vali. Ikiwa robo ya mzunguko tu inakutoa kwenye sifuri hadi mwisho, hilo ni jiko la kuchemshia maji, hata kama boksi lina picha ya mayai ya kukaanga. Nguvu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikubabaishe, maana moto unaopita pembeni ya sufuria unapasha hewa tu.

2. Mafuta na baridi. Gesi za kopo ni tatu, na tofauti yao ni kiwango cha kuchemka: butani karibu nyuzi sifuri (0.5 chini yake), isobutani karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Chini ya kiwango hicho gesi inabaki maji (yaani kimiminika) ndani ya kopo na haipandi kwenye kichomeo. Kopo lenye butani peke yake halifai mahali penye barafu asubuhi. Tafuta mchanganyiko wa isobutani na propani, na usome maandishi yote, usisome rangi.

Ila mchanganyiko nao una hila yake. Kopo likisimama wima, propani ndiyo hutangulia kutoka kwa wingi, kwa hiyo kopo lililofika nusu ni dhaifu kwenye baridi kuliko lilivyokuwa jipya. Pili, gesi ikigeuka kutoka maji kuwa mvuke huvuta joto kutoka kwenye kopo lenyewe. Utaona umande nje, kisha utando mweupe wa barafu, na moto unasinzia. Wageni hapo husema kopo limeisha, wanalitupa. Halijaisha, limepoa mno! Liweke ndani ya koti dakika kumi kabla ya kupika, lala nalo kwenye begi la kulalia, lisikae moja kwa moja juu ya theluji, au lisimamishe kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu yanayofika vidole viwili. Maji ya moto hapana, na kulipitishia moto wa kibiriti chini hapana kabisa. Regulata, kifaa cha kusawazisha mgandamizo wa gesi, husaidia nguvu ya moto isipande na kushuka, lakini haizalishi mgandamizo ambao kopo halina.

Kuna majiko ya mpira yanayoruhusu kopo kupinduliwa ili gesi itoke ikiwa maji. Hayo yana kijibomba kinachopita katikati ya mwali ili kuigeuza mvuke kabla haijafika kwenye nozeli, kile kitundu kidogo cha kutolea gesi. Lako kama halina kijibomba hicho, usipindue. Ukipindua, maji ya gesi yatafika kwenye kichomeo na utapata mwali wa urefu wa mtu. Hata lenye kijibomba huwashwa kopo likiwa wima, linapata moto kama nusu dakika, ndipo unageuza polepole.

Majiko ya petroli safi (iliyosafishwa maalumu kwa majiko) na mafuta ya taa ni mazito, yana kelele na yananuka, na kwenye baridi kali hayana mshindani. Mgandamizo unautia wewe kwa pampu, mara 20 hadi 30 chupa ya mafuta ikiwa imejaa kiasi. Kulipasha jiko kwanza, fungua vali hadi upate nusu kijiko cha mafuta kwenye kikombe cha chini, funga, washa. Subiri mwali ukaribie kufa, ndipo ufungue taratibu. Mwali ukiwa wa njano na unarukaruka, kichwa cha jiko bado baridi: funga, ngoja. Karibu kila aliyeunguza nyusi alifungua vali muda mrefu mno, au hakuwa na subira ya hiyo dakika moja. Mafuta ya taa ni magumu kuyawashia. Tumia spiriti kidogo kulipasha jiko kwanza, la sivyo utapata masizi mpaka kwenye masikio. Nozeli hubadilishwa kulingana na mafuta. Pampu isiyosukuma mara nyingi kikombe chake cha ngozi kimekauka, na tone la mafuta ya mashine linakirudisha.

Jiko la spiriti: jepesi, kimya, halina cha kuharibika. Gramu ya spiriti hutoa joto kama asilimia 60 ya gramu ya gesi, na mwali wake juani hauonekani. Usiongeze spiriti mpaka uhakikishe limezimika na limepoa. Hakikisha kwa kiganja kilicho juu kwa mbali, macho yatakudanganya. Vidonge vya mafuta makavu ni vya akiba ya dharura.

3. Hesabu ya gesi. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunataka joto la kilojuli 335 hivi. Gramu moja ya gesi ina kama kilojuli 46. Kwa hesabu tupu ni gramu 7 na kitu; kwa jiko la kawaida, sufuria yenye kifuniko na upepo mdogo, weka gramu 12 hadi 15. Watu wawili wanaochemsha lita moja kila mmoja kwa siku, siku tatu, wanafika gramu 90. Kopo la gramu 100 litawafikisha kwa kuomba dua, kwa hiyo wachukue la 230. Kama maji yatatoka kwenye theluji, zidisha mara mbili au zaidi: kuyeyusha kilo moja tu kunakula joto karibu sawa na kuchemsha lita hiyo. Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu nyuzi 90, kwa hiyo nafaka na maharage vinachukua muda na gesi zaidi.

Kujua kilichobaki: pima kopo jipya kwenye mizani ya jikoni, andika uzito huo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni, na kila ukirudi pima tena. Kutikisa kopo na kusema "bado nyingi" si kipimo.

4. Upepo, na yule jamaa wa aluminiamu. Tuseme ukweli, wazo lake si la kijinga. Upepo wa kawaida tu unaweza kukulazimisha utumie gesi mara mbili, na moto ukipigwa pembeni sufuria haichemki hata ungoje mpaka kesho. Kwa hiyo anakunja karatasi, anaizungusha, anaibana vizuri isiache hata upenyo. Jiko lake ni lile la kufungwa juu ya kopo. Hapo ndani sasa kuna mwali, sufuria inayorudisha joto chini, ukuta unaong'aa unaorudisha joto ndani, na sentimita chache chini ya vyote hivyo, kopo la gesi iliyogandamizwa.

Dakika za mwanzo ndizo zinazomdanganya. Kopo lililokuwa linajipoza sasa linapata joto, mgandamizo unapanda, moto unanguruma. Anaita wenzake waje waone. Lakini mgandamizo ukipanda mwali unakua, mwali ukikua ukuta unarudisha joto zaidi, joto zaidi linapandisha mgandamizo. Hakuna kitu ndani ya mzunguko huo kinachousimamisha isipokuwa mkono wake kwenye vali, na vali imefichwa nyuma ya karatasi aliyoibana vizuri. Soma ubavu wa kopo lolote: lisipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Hiyo ni moto kupita maji ya kuoga kidogo tu, si joto la ajabu. Ukipita hapo, pete ya mpira kwenye vali inaweza kulegea na gesi ikavuja palepale penye moto. Likipata joto zaidi, ile sehemu ya chini iliyobonyea kwa ndani inaweza kugeuka na kutuna nje. Kopo lililotuna chini halitumiki tena, hata likipoa, hata kama lina gesi.

Kipimo ni kiganja. Kila baada ya dakika mbili tatu, gusa kopo. Baridi ni sawa. Uvuguvugu, angalia. Ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa raha, zima sasa, kabla maji hayajachemka, kabla hujamaliza sentensi. Ukikuta mwali unatoka kwenye maungio badala ya kwenye kichomeo, usishindane nao: ondoa watu, kaeni mbali, nyuma ya kitu kigumu, mpaka gesi iishe na kopo lipoe.

Kosa hili lina sura nyingine, na hizo ndizo zinazowapata hata wanaojua ile ya kwanza. Sinia au bamba pana la kuchomea juu ya kichomeo kidogo: linageuka paa, joto lote linashuka kwenye kopo. Majiko mawili yaliyobanana chini ya bamba moja: kopo la huyu linachomwa na mwali wa yule. Kwenye jiko bapa la mezani lenye kopo refu la kulalia ubavuni, sufuria kubwa inayofunika chumba cha kopo. Mawe yaliyopangwa kulizunguka jiko "kama mafiga". Yote ni kitu kimoja.

Njia halali zipo. Pika nyuma ya mwamba au gogo. Weka kinga upande unaotoka upepo pekee, na uache nusu nzima ya upande wa pili wazi. Ukitaka kinga ya kuzunguka kabisa, nunua jiko la mpira au la mafuta ya maji, kichomeo kikae ndani ya kinga na kopo au chupa ikae nje. Kwa anayekwenda kwenye upepo kila mara, sababu hii peke yake inatosha kununua la mpira.

5. Ndani ya hema hapana. Jiko lolote linalowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, na sufuria kubwa iliyokaribia sana mwali huongeza. Tunajua mvua inanyesha. Kuleni vikavu.

6. Yaliyobaki, haraka haraka. Kiwashio kilichojengwa ndani ya jiko kitakataa siku ya unyevu, beba kibiriti cha gesi na njiti kwenye mfuko usiopitisha maji. Angalia pete ya mpira kabla ya kufunga kopo, funga kwa vidole tu, na ukihisi nyuzi zinakwama, rudisha nyuma uanze upya. Kwenye jiko la gari paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira; mapovu yakikua, kuna uvujaji. Mtungi wa propani usimame wima, ukilala propani ya maji inaingia kwenye regulata. Makopo yasiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Usijaze upya kopo la kutupwa. Makopo ya gesi hayapandi ndege, wala kwenye begi la mkononi wala la chini, kwa hiyo panga kuyanunua unakofika, na uhakikishe kwanza kwamba aina ya vali ya jiko lako inauzwa huko: ipo ya nyuzi za kuzungusha, ipo ya kubofya, ipo ya kutoboa, na haziingiliani bila kiunganishi.